Uzi: Tuliwafunza wahudumu wa kujitolea kila kitu kuhusu magonjwa ya zinaa, karatasi ya waridi ikatuangusha

Kibuyu (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka kadhaa nikiwafunza wahudumu wa kujitolea wa afya vijijini, upande wa afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa. Nazungumzia vijiji ambavyo zahanati iko mwendo wa nusu siku na kila mtu anamjua mwenzake hadi babu yake. Watu hunifuata faragha wakitaka ratiba ya mafunzo. Nitaieleza humu, ila kwanza niseme tulivyoharibu, maana ratiba yetu ya mwanzo kwa kuisoma tu ilikuwa nzuri kuliko hii ya sasa.

Ilikuwa ya siku tano. Viungo vya uzazi, kaswende, kisonono, klamidia, VVU, uzazi wa mpango, namna ya kuvaa kondomu, yote yalikuwemo. Mtihani wa mwisho wote walifaulu. Tukapiga picha, tukagawa fulana, madaftari na vitabu vya karatasi za rufaa. Hizo karatasi tulizichapisha kwa rangi tatu ili karani wa zahanati asihangaike kupanga: kijani kwa uzazi wa mpango, njano kwa wajawazito, waridi kwa magonjwa ya zinaa. Tulijiona wajanja kweli.

Mwezi wa kwanza karatasi za waridi zilitoka vizuri. Wa pili zikapungua. Wa tatu, hakuna hata moja. Tukadhani wahudumu wamechoka, tukaenda na maneno makali mdomoni. Kumbe kijiji kizima kilishajua maana ya rangi. Kuna mama alionekana njiani ameishika, na kabla hajafika zahanati habari ilishafika kwa mumewe. Mhudumu hakumwambia mtu. Karatasi ndiyo iliyosema.

Toka hapo nashikilia jambo moja: mhudumu wa kijijini akishindwa, mara nyingi si kwa sababu hajui ugonjwa. Ni kwa sababu watu hawana hakika kama jambo likiingia kwake litabaki kwake. Mafunzo yote sasa nayajenga kuanzia hapo, hata kabla ya darasa, kwenye kuchagua watu.

Zamani tulimwomba kiongozi wa kijiji majina. Tukaletewa wapwa zake na vijana wenye mwandiko mzuri. Siku hizi tunakaa na wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, tunauliza swali moja: ukipatwa na jambo la aibu usiku wa manane, utamgongea nani mlango? Majina yanayojirudia ndiyo tunayachukua. Wengine husoma kwa kusuasua. Si neno, picha zipo na kusoma kunafundishika. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 kuhusu wahudumu wa ngazi ya jamii lilisema hali ya ndoa isitumike kuwa kigezo cha kumchagua mtu, na nimeona faida yake: mmoja wa wahudumu wetu bora ni binti ambaye hajaolewa, na wazee walisema hafai "kwa sababu atayajulia wapi".

Siku ya kwanza darasani ni ya maneno tu. Kila mtu anataja majina yote ya mtaani ya viungo vya siri, ya tendo lenyewe, ya hedhi, ya magonjwa. Tunaandika ukutani. Watu wanacheka, wanafunika nyuso, kuna aliyetoka nje kabisa akarudi baada ya dakika kumi. Waacheni wacheke. Kufika mchana neno "uke" linatamkwa kama mtu anavyotamka "kiwiko". Faida yake ni kwamba hakuna mgonjwa atakayekuja akasema "nina ute usio wa kawaida". Atasema "huko chini hakuko sawa", au ataanza na habari ya mgongo, na mhudumu asiyezoea maneno atamwachia hapohapo kwenye mgongo.

Siku ya pili na ya tatu ni maigizo. Wawili wanaigiza, wa tatu anaangalia uso wa mhudumu tu. Kazi yake ni kusema nyusi zilipanda wapi. Mgonjwa anaposema ana wapenzi watatu, au analala na mwanaume mwenzake, nyusi zikipanda, mazungumzo yameisha hata kama mdomo unaendelea kutoa ushauri mzuri. Siku hizohizo tunafundisha kusema "sijui, nitauliza, Alhamisi nitakujibu". Hamuwezi kuamini ilivyo ngumu. Mtu akishapewa fulana anaona aibu kutojua.

Siku ya nne na ya tano ndipo magonjwa na njia za uzazi wa mpango. Machache, kwa kurudiarudia, na kila mmoja anamweleza mwenzake kwa maneno yake mwenyewe hadi aeleweke.

Na fulana tuliziondoa. Ukiwa na fulana iliyoandikwa mgongoni "afya ya uzazi", kila nyumba unayoingia umeitangaza.

Karibuni kwa maswali na kukosoa.

Mpitanjia

Nimekaa pale na kiti changu.

NesiZamu

Mtoa mada umeandika vizuri, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Siri bila elimu inaua.

Mimi niko upande wa kupokea hizo rufaa zenu. Niliwahi kupokea binti aliyebakwa, kaletwa siku ya tano. Mhudumu alikuwa mtu wa siri hasa, alimficha nyumbani kwake, akamfariji, akamkanda kwa maji ya moto. Kwa moyo mwema kabisa. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kisha inamezwa siku 28. Siku ya tano hiyo ilishapita. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi zaidi kikiwahi, na mwisho wake ni hizo siku tano, kwa hiyo hapo tulikuwa ukingoni. Yule mhudumu aliponisikia nikisema "saa 72" alikaa chini sakafuni.

Kwa hiyo siku mbili za mwisho kwangu mimi hazitoshi kama hakuna mambo ambayo mtu ameyashika kama jina lake. Nitaje yangu. Kubakwa au kondomu kupasuka na mtu ambaye hali yake haijulikani: safari ni leo, si kesho. Mwanamke hedhi imepita na tumbo la chini linauma kwa nguvu upande mmoja, anasikia kizunguzungu: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, usimwambie akapumzike. Mvulana korodani imeuma ghafla na kuvimba: si lazima ni ugonjwa wa zinaa, inaweza kuwa imejisokota, na hapo tunahesabu saa, kama sita hivi, kabla haijafa. Mjamzito yeyote apimwe kaswende na VVU, hata kama anajiona mzima na mumewe ni mcha Mungu.

Na kaswende yenyewe: kidonda chake cha kwanza hakiumi na kinapona chenyewe baada ya wiki chache. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mganga aliyetoa unga wakati kidonda kinajikausha anasifiwa, huku ugonjwa umeingia ndani na utakuja kuua mtoto tumboni. Mhudumu asiyejua hili atamsifu mganga naye.

Kibuyu

Dada NesiZamu, nimekubali na sina ubishi. Ulivyoeleza ndivyo tulivyolazimika kubadilisha mara ya pili.

Tulichokosea ni kufundisha siri kama kitu kisicho na mipaka. Sasa tunafundisha mpaka wa siri ukisemwa mwanzoni, kabla mtu hajafungua moyo. Mhudumu anasema hivi: "Utakayoniambia yatabaki hapa. Ila nikiona maisha yako yako hatarini, au mtoto anaumizwa, nitahitaji msaada wa mtu mwingine, na nitakuambia kwanza ni nani." Sentensi hiyo tunaifanyia mazoezi mpaka inatoka bila kigugumizi. Ukiisema baada ya mtu kumaliza kulia, ataona umemtega.

Jambo la pili, kusindikiza. Wahudumu wengi walidhani kutunza siri ni kukaa na mtu. Tukawafundisha kwamba unaweza kutunza siri na bado ukafika naye zahanati kabla jua halijazama. Safari inakuwa na sababu ya kawaida: tumekwenda kuchukua dawa ya kikohozi.

Yale uliyotaja ya hatari tumeyaweka kwenye kadi moja kwa picha, nyuma ya daftari. Hilo la korodani halikuwemo. Nalichukua.

Miguu Yangu

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita wa kujitolea. Naomba kuuliza, nimejitolea hadi lini?

Daftari langu lina kaya 70. Natembea kwa miguu. Nikimsindikiza mtu zahanati siku nzima ya shamba imepotea. Mafunzo tunaitwa, posho ya semina tunapewa, tukirudi nyumbani ni kimya mpaka semina nyingine. Mwenzangu aliacha, akaonekana hana moyo. Tangu Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la mkutano wa kimataifa wa huduma ya msingi ya afya, tunaambiwa wahudumu wa jamii ni sehemu ya huduma ya msingi ya afya. Sehemu gani hiyo isiyolipwa? Huo mwongozo wa 2018 alioutaja mtoa mada unasema pia wahudumu walipwe kulingana na kazi na wapewe makubaliano ya maandishi. Hapo mbona huwa hamsomi?

Na siri mnayoisema ina bei. Mtu mwenye njaa anayejua mambo ya nyumba 70 anajaribiwa kila siku.

Kibuyu

Umenipiga penyewe mkuu, na sina utetezi. Mwongozo unasema hivyo kweli.

Niongeze tulilojifunza kwa kuumia. Mradi mmoja niliofanya nao kazi uliamua kulipa kwa kichwa: kila rufaa ikifika zahanati, mhudumu anapata kitu. Rufaa ziliongezeka mara moja, kila mtu akafurahi. Kumbe watu wasioumwa chochote walikuwa wanabembelezwa "nenda tu ukaandikwe", na kesi ngumu, zile za kukaa na mtu jioni tatu kabla hajakubali, ziliachwa kwa sababu hazilipi. Mwongozo uleule unashauri malipo yasitegemee zaidi idadi. Bora kidogo cha kudumu kila mwezi kuliko kikubwa cha kuhesabia vichwa. Kama fedha haipo kabisa, basi kaya zipunguzwe na kazi ipunguzwe. Huwezi kumpa mtu mzigo wa mwajiriwa kisha ukamshukuru kwa cheti.

Mzee wa Kona

Nimesoma kwa utulivu. Mimi ni mzazi na nina shaka na jambo moja. Hawa wahudumu wenu wanaongea na watoto wetu mambo ya kondomu. Si ndiyo kuwaonyesha njia?

Kibuyu

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na ndilo tunaloulizwa kila kijiji.

UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipotoa mwongozo wake wa 2018 kuhusu elimu ya jinsia ilipitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Matokeo ni kwamba elimu hiyo haiongezi vijana kufanya ngono. Mara nyingi wanachelewa kuanza, na wakianza wanajikinga zaidi. Lakini najua takwimu hazimtulizi mzazi, hata mimi ni mzazi. Kinachosaidia ni mpangilio: kikao cha kwanza ni cha wazazi, wanaona picha zilezile na wanasikia maneno yaleyale watakayosikia watoto. Wengi wakitoka hapo wanasema "kumbe mimi mwenyewe sikuyajua". Na kwa wadogo hatuanzi na kondomu. Tunaanza na kubalehe, hedhi, mwili wako ni wako, na nani wa kumwambia mtu mzima akikugusa vibaya. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 tunawaeleza wazazi wao habari za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali hata dozi moja kwa umri huo. Hapo wazee kwa wingi wako upande wetu.

Mzee wa Kona

Marahaba. Kikao cha wazazi kwanza, hapo nimekuelewa. Hayo mengine tutaendelea kujadili.

Chembe Hai

Naishi na VVU, mwaka wa kumi na kitu sasa, na ni mhudumu. Niseme kitu kuhusu picha.

Mafunzo niliyopitia mimi yalianza na picha za vidonda na watu waliokonda. Mkufunzi alisema zinasaidia "kuwatia watu hofu ya Mungu". Hofu waliipata. Nilizizungusha picha zile kijijini kwa mikono yangu mwenyewe, na nilichovuna ni kwamba hakuna aliyetaka kupima, maana nani anataka kuambiwa amekuwa ile picha? Mimi mwenyewe nilikaa nao kwenye kikao nikiwa mzima, nimenona, na hakuna aliyejua.

Siku nilipoacha picha nikaanza kusema hivi ndipo watu walikuja: ukipima mapema ukaanza dawa na ukazimeza vizuri, virusi vinafubaa hadi kipimo hakivioni, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mama anayemeza dawa anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi. Wengine walirudi kuniuliza hilo mara tatu, nadhani walitaka kuhakikisha nitajibu vilevile.

Wakufunzi, msitupe vitisho tubebe.

Dogo Janja wa Bonde

Swali: mbona wahudumu wote ni akina mama? Kwetu mimi siwezi kwenda kwa mama mkubwa kumwambia nachomwa nikikojoa. Bora nife.

NesiZamu

Usife mdogo wangu, kisonono kina dawa. Nenda upimwe, na usinunue vidonge viwili vya kubahatisha dukani, maana kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani.

Lakini hoja yako ni nzito. Namtibu mwanamke, anapona, anarudi kwa mume ambaye hajatibiwa, wiki tatu baadaye yuko tena benchi langu. Kutwanga maji kwenye kinu. Mbaya zaidi wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, wakati ugonjwa unapanda kwenye mirija na kuja kuwanyima watoto. Mara nyingi mwanaume ndiye anayeungua akikojoa, yaani yeye ndiye mwenye kengele. Akiificha kengele, wote wawili wanaumia. Tunahitaji wahudumu wanaume, na wafunzwe kumwambia mwenzao "mlete na mwenzio, na mjizuie siku saba baada ya dawa" bila kugeuza ugomvi wa nani kaleta.

Kibuyu

Nyongeza: tukiuliza lile swali la kugonga mlango kwa wanaume peke yao, majina ya wanaume yanakuja. Ni sisi tuliokuwa tunauliza wanawake tu.

Stoo Keeper

Mimi niko upande wa ghala. Mnafunza watu kuhamasisha kondomu, halafu zinaisha miezi miwili. Mhudumu anaonekana mwongo. Zikija, anaweka boksi juu karibu na bati, joto linaziharibu. Mfundishe kuweka chini pakavu pasipo jua, kutoa kwanza za tarehe ya karibu, kubonyeza pakiti kusikia hewa. Na wawaambie watu: mafuta ya kupaka au ya kupikia yanalegeza mpira, inapasuka. Mbili kwa pamoja nazo si kinga mara mbili, zinasuguana.

Uzazi wa mpango vilevile. Msimfundishe mtu kusifia sindano ya miezi mitatu kama zahanati ina vidonge tu.

Mama Subira

Kwenye hiyo sindano mwambieni mwanamke mapema kwamba damu inaweza kubadilika, kutoka kidogokidogo au kukata kabisa. Mimi hakuna aliyenieleza. Nilidhani damu imegandia ndani, nikaacha, nikapata mimba. Mtoto nampenda, lakini ilikuwa nielezwe.

Kibuyu

Asante mama. Hilo tunalifanyia igizo lake peke yake sasa: mwanamke anarudi na malalamiko, na mhudumu haruhusiwi kumwambia "vumilia". Anasikiliza, anamweleza kwamba mabadiliko hayo yanajulikana, na anamwambia anaweza kubadili njia.

Niseme pia kuhusu kufuatilia, maana siku tano hazimfungi mtu maisha. Tunakutana nusu siku kila mwezi. Kila mhudumu analeta kisa kimoja kilichomtatiza, bila jina. Na "bila jina" haitoshi. Mwanzoni walikuwa wanasema "kuna mama mmoja, ule upande wa mtoni, ana mapacha", na chumba kizima kinajua. Sasa sheria ni kubadilisha mambo mawili kwenye kisa: umri, idadi ya watoto, upande anaokaa, chochote kisichogusa tatizo. Daftari nalo lina namba tu, na orodha ya majina inakaa imefungwa zahanati.

Karatasi za rufaa zote ni nyeupe. Chanjo ya mtoto, shinikizo la damu, kisonono, zote karatasi ileile, zimekunjwa, na ndani kuna namba inayosomwa na nesi tu. Ilichukua miezi kama mitano kabla watu hawajaanza kuja tena na mambo ya zinaa.

Mpitanjia

Nimesoma uzi wote toka juu. Mkuu Kibuyu, naomba niulize bila ugomvi. Yule mama wa karatasi ya waridi, alikuruhusu uandike habari yake humu?

Kibuyu

Hapana. Umenikamata.

Nilibadilisha mambo mawili kama sheria yetu inavyosema, na sikutaja mahali. Lakini kumwomba sikumwomba, na kisa hicho nimekisimulia darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwisho wa mwezi nina kikao upande ule. Nitapita kwake nimweleze. Akikataa, nitaandika hapa na kuwaomba wasimamizi waifute ile sehemu.